Usiitikie Kabla Hajasema Ni Mtu

Mlio wa ujumbe ulitokea ndani ya pipa la mchele.

Jovelyn aliacha kumenya vitunguu saumu, akafuta mikono, akafunua pipa na kuchimbua mchele mpaka kiwiko kikazama. Hamna kitu. Simu yake ilikuwa mezani, kimya, mbele ya macho yake. Akajicheka. Lakini kabla ya kucheka alikuwa ameshatamka neno ambalo ulimi wake ulilizoea kuliko jina la mwanawe.

"Nipo."

Ndani ya pipa ikatoka harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Kazi yake ilikuwa ya nusu siku. Aliwajibu wateja wa duka moja la mapazia la Brisbane akiwa nyumbani kwao, kijijini karibu na Tayabas, asubuhi mpaka adhuhuri, na hapo malipo yalikoma. Malipo yalikoma, meneja wake hakukoma. Bi Lorraine hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alikuwa na maneno ya asali. "Upo, mpenzi? Swali dogo tu." Aliuliza alasiri, aliuliza magharibi, aliuliza Jumapili watu wakiwa kanisani. Asiyeitikia upesi aliambiwa hana moyo wa timu, na wenzake wawili walikwisha kuondolewa kwa kukosa moyo huo. Kazi ile ndiyo iliyomlisha Jovelyn, bibi yake Lola Pasing, na binti yake Ligaya wa miaka mitano. Basi akawa anaitikia. Ukimpa mtu shubiri huchukua pima, na Bi Lorraine alichukua siku nzima.

"Wewe ni mfanyakazi au mbwa wa kuitwa kwa mluzi?" Lola Pasing alimuuliza siku hiyo ya pipa.

"Lola, ni neno moja tu. Nipo. Linanipunguzia nini?"

"Hapa kwetu mtu haitikii asichokijua. Mgeni akifika uani anasema tao po, ni mtu hapa. Asiposema, unanyamaza, hata akikuita kwa jina la ubatizo. Nyuma ya nyumba hii kuna mianzi, na mianzi ina wenyewe. Wanaweza kuiga kila sauti, lakini kusema wao ni watu, hapo ulimi unawagomea."

"Bi Lorraine yuko Australia, Lola. Hayuko mianzini."

"Alisema tao po?"

Jovelyn akacheka mpaka akashika mbavu. Wakati huohuo Ligaya akarudi kutoka kwa jirani na kusimama mlangoni mwa nyumba yao wenyewe. "TAO PO!" akapiga ukelele wa kutimua kuku, kama alivyozoea kila akirudi, ingawa mwenyeji halazimiki kusema hivyo. Lola akamfungulia huku akimbusu kichwani. "Huyu ana akili kuliko wewe," akasema.

Mlio ukahama. Ukalia ndani ya birika, ukalia chini ya mkeka, kila mara jua likielekea kuzama, na kila mara Jovelyn aliitikia kwanza ndipo akatafuta simu. Kisha jioni moja alimkuta Ligaya ameketi peke yake kwenye dirisha la nyuma, mgongo umenyooka, mwanasesere wake ametupwa sakafuni, na ingawa nje hapakuwa na upepo wala mtu, na mianzi yote ilikuwa imetulia isipokuwa mmoja uliokuwa ukiinama taratibu kuelekea dirishani kama mtu anayetega sikio, mtoto aliinua kidevu akasema kwa adabu, "Nipo."

"Unamjibu nani, mwanangu?" Jovelyn alinong'ona.

"Anauliza kama nipo. Wewe ukichelewa, ananiuliza mimi."

Hapo kicheko kilimkauka. Kesho yake akaitwa Mang Ambo, mganga, akadondosha nta ya mshumaa kwenye bakuli la maji na kuitazama ikiganda. Aliposema, alisema chini chini.

"Kila ulipoitikia ovyo ulilisogeza jini la mianzini hatua moja. Sasa liko kizingitini. Bado itikio moja, nalo likivuka litabadilishana nafasi na mtu wa humu. Fukiza ubani. Mpaka kengele ya misa ya Jumapili, usimwitikie yeyote asiyesema tao po. Awe jirani, awe padri."

"Na bosi wangu je?"

"Bosi wako ni padri?"

Jovelyn akamwandikia Bi Lorraine kwamba baada ya adhuhuri hatapatikana tena. Jibu likaja fupi: "Sawa, mpenzi. Tutazungumza Jumatatu." Neno hilo lilimkosesha usingizi. Aliogopa jini, ndiyo, lakini aliogopa pia Jumatatu, na sijui mama gani angeweza kuchagua hofu moja akaiacha nyingine.

Jumamosi, jua likizama, Ligaya alikuwa kwa jirani akila ndizi za kukaanga, na Lola alikuwa ukumbini na chetezo. Jovelyn aliketi jikoni na simu mkononi.

"Upo?" Jina la Bi Lorraine liling'aa kwenye kioo.

Akanyamaza.

"Upo, mpenzi? Neno moja tu."

Akanyamaza. Mlio ukaja tena na tena, sasa kwenye birika na pipani na ndani ya kuta, na harufu ya mshumaa uliozimwa ikaushinda ubani, na kwenye kioo maneno yakafuatana, upo, upo, nimempata mwingine wa kazi yako, yeye huitikia, upo, naifunga nafasi sasa hivi, upo, mpaka akaiona sahani tupu ya Ligaya mezani na kidole gumba, kilichofunzwa kazi hiyo kwa miaka miwili, kikaandika chenyewe.

Nipo.

Milio yote ikakatika. Lola Pasing akatokea mlangoni mwa jikoni.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Nisamehe, Lola. Bosi kaniandikia. Nimemjibu."

"Kwa simu ipi?" Bibi akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akaitoa simu ya Jovelyn, imezimwa. "Niliichukua ulipolala mchana, usije ukashawishika."

Jovelyn akatazama mkononi mwake. Alikuwa ameshika ganda kavu la mwanzi, ndani lina unyevu wa kidole chake.

Hatua ndogo zikasimama mlango wa mbele. Kupitia wavu walimwona Ligaya, gauni lake la njano, sukari ya ndizi imemganda kwenye shavu.

"Mama, nifungulie."

Jovelyn akaruka, lakini Lola akamshika mkono kwa nguvu. "Sema kwanza, kitukuu changu," akamwambia mtoto, na sauti yake ilikuwa inavunjika. "Sema kama unavyosema kila siku."

Mtoto akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena, taya likahangaika kama la samaki, halikutoa kitu. Kisha akatabasamu vizuri sana.

"Nipo," akasema.

Ndipo nyuma ya nyumba, ndani kabisa ya mianzi, sauti ndogo ikapiga ukelele kwa nguvu zake zote, ukelele wa kutimua kuku.

"Tao po! Mama! Tao po!"