Sikufukia Majani, Nikimsubiri Bwana

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mjane, mkulima wa hapa Pito, Sumbawanga. Ninayosimulia niliyafanya kwa hiari yangu, tena nikiimba mapambio.

Binti yangu Jenifa alifariki akiwa na miaka tisa. Homa ya siku mbili tu. Sikulia. Majirani walisema nina roho ngumu... Ngumu wapi? Ilikuwa imekufa ganzi. Nilibaki na mama mkwe, Bibi Skola, aliyekuwa akiniita mwanangu tangu tumzike mume wangu.

Ndipo akaja mhubiri mmoja, akapanga chumba mjini. Akatutangazia kuwa Bwana Yesu anarudi kabla ya mvua za msimu ujao. Nilimuuliza swali moja tu: Jenifa nitamwona? Akasema nitamwona. Wewe unayesoma, ungefanya nini?

Huku kwetu Ufipa, mvua zikikaribia kuisha tunalima ntumba. Majani tunayafukia kwenye matuta ya duara, yanaoza humo, na msimu unaofuata tunayapasua na kupanda ulezi na mahindi. Usipofukia mwaka huu, mwakani huna kitu. Mhubiri akasema anayefukia majani ya mwakani hana imani. Basi, nikaweka jembe darini.

Mama mkwe, Mkatoliki tangu utoto, hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, hata mimi namsubiri. Siku yenyewe hakuna aijuaye. Akikukuta shambani, kwani kuna ubaya gani?"

Nikamjibu kuwa imani yake ni ya mazoea. Mtu mzima yule, nikamjibu hivyo... Mungu anisamehe.

Mvua zikaja. Bwana hakuja. Mhubiri alishahama, chumba chake kimepangwa na fundi cherehani. Wenzangu walikuwa wanapasua matuta, mimi nimesimama mbele ya shamba la nyasi. Hata aibu sikuisikia.

Nyuma ya nyumba nikakuta matuta kumi na manane. Madogo, yamekaa ovyo ovyo. Kumbe nilipokuwa nashinda kwenye maombi, mama mkwe alikuwa analima, na goti lake lile bovu! Tukapanda ulezi hapo. Njaa ilipobana alikuwa anasukuma ugali upande wangu, anasema ameshiba. Nami nilikula. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Alifariki ulezi ukianza kutoa masuke. Hospitali walisema ni kifua. Mimi najua alikuwa amedhoofika kwa njaa. Wakati wa kumwosha nilishika viganja vyake, vilikuwa na sugu mpya... Hapo ndipo nililia, nikamlilia yeye na Jenifa pamoja.

Mnadhani niliacha kuamini? Hapana. Namsubiri Bwana kuliko zamani, na ndilo tumaini pekee linaloniamsha asubuhi. Ila siulizi tena siku. Nawasihi, ndugu zangu, mtu akiwatajia tarehe na kuwaambia mweke jembe chini, mkimbieni. Msije mkamjibu vibaya anayewalisha, kama nilivyofanya mimi.

Mwaka huu nimefukia majani shamba zima. Yale matuta ya nyuma ya nyumba niliyaacha ya mwisho. Nilipomaliza nilikaa chini, mikono ina udongo, nikasema kwa sauti ya kawaida tu, "Shikamoo mama. Nimelima. Mkija na Jenifa, mtanikuta hapa hapa."