Kizunguzungu cha Baba

Kila asubuhi, mama yake Ivyne alipokuwa ameshaondoka kwenda Spring Valley alikofanya kazi za nyumbani, nyumba yao ya Kinoo ilibaki na watu wawili wenye kazi zao. Ivyne alipiga viatu rangi. Baba yake, Obuya, alipika chai. Obuya alikuwa fundi wa kupaka rangi majengo marefu, na alijivuna kwamba mtu aliyezoea ghorofa ya tisa hawezi kushindwa na sufuria ya chai. Ivyne, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili na ulimi wa miaka hamsini, alimjibu kila mara kwamba ghorofa haichemki ikamwagika.

Asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa umeifunika Barabara ya Waiyaki, Obuya aliinua uso ili achukue kopo la majani ya chai kwenye rafu ya juu. Ghafla alishika ukuta kwa mikono miwili. Kopo likaanguka, majani yakatawanyika sakafuni. Ivyne alimkimbilia, kisha akafa ganzi. Macho ya baba yake yalikuwa yakichezacheza, yakienda upande na kurudi, kama ya mtu anayetazama magari yakipita kwa kasi.

"Baba, macho yako!"

"Ngoja," Obuya alisema na kuyafumba. "Nyumba inazunguka. Itasimama."

Baada ya muda mfupi nyumba ilisimama. Jasho lilimtiririka usoni ingawa kulikuwa na baridi kali.

"Ni uchovu tu," alisema. "Usimwambie mama yako."

"Lakini Baba..."

"Niahidi, Ivyne. Mama yako ana mambo mengi."

Ivyne aliahidi. Akachukua ufagio, akafagia majani yale.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Baba yake mkubwa, Were, alianza hivyo hivyo: kizunguzungu, kisha mkono ukapoteza nguvu, kisha madaktari wakasema ana uvimbe kwenye ubongo. Walimzika kwao, magharibi, mwaka uliotangulia. Tangu mazishi hayo, neno "uvimbe" halikutajwa tena nyumbani mwao. Ivyne alijua kwamba baba yake alikuwa akilifikiria neno hilo. Hata yeye alikuwa akilifikiria, darasani na kanisani, mpaka Mwalimu Kasyoka akamuuliza kama ana njaa.

Akaanza kumchunguza baba yake. Akitembea, hakuwa na shida. Akiketi kusoma gazeti, hakuwa na shida. Lakini akigeuka kitandani upande wa kulia, Ivyne alimsikia akiguna ng'ambo ya pazia. Akiinua uso kutazama juu, alishika kitu chochote kilichokuwa karibu.

Obuya hakukaa bure. Alikwenda kwenye zahanati iliyo karibu na barabara, akarudi na dawa za malaria. Alizimeza zote, na kizunguzungu kikabaki pale pale.

"Baba, uliwaambia kuhusu macho?" Ivyne aliuliza.

"Niliwaambia kichwa kinauma na nina homa. Hayo yanatosha."

Ivyne alimtazama usoni. Baba yake hakuwa na homa hata kidogo, na wote wawili walijua.

Jumamosi mama yake alimtuma Westlands ampelekee baba chakula. Jengo lilikuwa jipya, na mafundi walikuwa wakipaka rangi kuta za nje wakiwa wamesimama juu ya majukwaa ya vyuma na mbao. Msimamizi wao, Waithaka, alimkaribisha langoni.

"Sasa, Ivyne? Umeletea mzee chakula? Ngoja hapa nje ya uzio, atashuka."

Ivyne alitazama juu akamwona baba yake, mdogo sana kule alikokuwa. Obuya aliinua uso ili apake chini ya kingo ya dirisha. Brashi ikasimama. Akakumbatia nguzo ya chuma kama mtoto anayemkumbatia mama yake, na debe la rangi likaanguka, likapasuka mahali ambapo mafundi wawili walikuwa wamepita muda si mrefu. Rangi nyeupe ikarukia mpaka kwenye uzio. Ivyne aliushika uzio kwa mikono miwili.

Obuya aliposhuka, alikwepa macho ya bintiye.

"Limeteleza," alimwambia Waithaka.

"Obuya, uko sawa kweli?"

"Niko sawa. Jumatatu nitamalizia ile ghorofa ya mwisho."

Ivyne alirudi nyumbani. Kila alipofumba macho aliliona debe lile likianguka, na mara nyingine halikuwa debe. Alifikiri juu ya ahadi yake, akafikiri juu ya Jumatatu. Jumapili, baada ya ibada, alikaa na mama yake, Milcah, wakimenya viazi. Akapiga moyo konde.

"Mama, kuna jambo niliahidi nisikuambie."

Milcah aliweka kisu chini. "Ulimwahidi nani?"

"Baba. Lakini kesho atapanda juu kabisa, na ataanguka."

Akaeleza yote: kopo, macho, kitanda, debe. Mama yake alisikiliza bila kumkatiza, uso ukizidi kupoteza rangi. Obuya alipoingia na kuwaona, alielewa mara moja.

"Umemwaga mtama, Ivyne," alisema polepole. Maneno hayo yalimuuma Ivyne kuliko kofi.

"Mwache mtoto," Milcah alisema. "Kesho hupandi popote, Baba Ivyne. Kesho tunakwenda hospitali."

"Na wakiniambia yale ya Were?" Sauti ya Obuya ilitetemeka. Ivyne hakuwahi kuisikia ikitetemeka.

"Basi tutayasikia tukiwa pamoja."

Siku iliyofuata walikaa kwenye benchi la hospitali moja kubwa katikati ya jiji, Ivyne akiwa katikati ya wazazi wake. Goti la baba yake halikutulia hata kidogo. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mpole aitwaye Ndeti.

"Haya, Bwana Obuya. Nini kinakusumbua?"

"Ni kichwa, daktari. Na homa kidogo. Zahanati walinipa dawa za malaria, hazikusaidia."

Ivyne alimtazama mama yake. Milcah akaitikia kwa kichwa kumpa ruhusa.

"Si homa, daktari," Ivyne alisema. "Ni kizunguzungu. Akitazama juu, au akigeuka kitandani upande wa kulia. Macho yake yanachezacheza, halafu yanaacha. Akitembea hana shida."

Daktari Ndeti aligeuza kiti chake, akamtazama vizuri. "Upande wa kulia tu?"

"Wa kulia tu."

Obuya aliinamisha kichwa. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Na ndugu yangu alianza hivi hivi. Kisha mkono ukapoteza nguvu, akafa."

Daktari alimwambia aguse pua kwa kidole, atembee kwenye mstari ulionyooka, kisha ambane vidole kwa nguvu zake zote. Kila alipomaliza jambo moja, Ivyne aliusoma uso wa daktari na hakuona kitu. Kisha Obuya akaketishwa kitandani.

"Nitakulaza haraka, kichwa kikielekea kulia," daktari alisema. "Utasikia vibaya sana. Usifumbe macho."

Akamlaza. Kwa kitambo hakukuwa na kitu. Kisha macho yakaanza kucheza, na Obuya akashika koti la daktari kwa mikono yote miwili. Milcah alimshika Ivyne mkono mpaka vidole vikamuuma. Daktari alisubiri, ametulia kabisa, mpaka macho yakasimama.

"Nimeona nilichokuwa nikitafuta," alisema. "Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo kuliko chembe za chumvi. Vinatusaidia kusimama bila kuyumba. Vyako vya upande wa kulia vimetoka mahali pake. Ukitazama juu, vinasogea, na ubongo unadanganyika kwamba unazunguka."

"Si uvimbe?" Obuya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sioni dalili yoyote ya uvimbe. Ndugu yako alipoteza nguvu za mkono. Wewe umekaribia kunivunja vidole."

Akamlaza tena, akageuza kichwa chake polepole kuelekea kushoto, akamviringisha kwa ubavu, kisha akamketisha.

"Sasa dawa ni ipi?" Obuya aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

Obuya alimtazama kama mtu aliyepunjwa sokoni. Daktari akamlaza upya upande wa kulia. Wote walisubiri. Macho hayakucheza; vijiwe vilikuwa vimerudi mahali pake. Milcah akaanza kulia kimya kimya, na Ivyne naye akalia, ingawa baadaye alikana.

"Zahanati ilitibu malaria kwa sababu uliwapa dalili za malaria," Daktari Ndeti alisema. "Siwezi kutibu ulichonificha, Bwana Obuya. Usipande jukwaa mpaka nikuone tena."

Obuya alitii. Waithaka alimpa kazi ya kupaka kuta za chini, na daktari alipompima tena alimruhusu kupanda.

Asubuhi iliyofuata, sufuria ikiwa motoni, Obuya alisimama mbele ya rafu.

"Nitazame macho," alimwambia Ivyne.

Aliinua uso, akachukua kopo la majani. Ivyne alimtazama bila kupepesa. Macho yalibaki mahali pake.

Obuya aliweka kopo mezani, akachuchumaa mbele ya bintiye. "Niliogopa kusikia jina la ugonjwa, nikakubebesha hofu yangu. Nilikosea. Mtu mzima akikuambia ufiche jambo linalokutia hofu, hata kama ni mimi, mwambie mwingine unayemwamini. Ungeitunza ile ahadi, leo pengine mngekuwa mnanilia."

Ivyne alimkumbatia shingoni. Nyuma yao chai ilichemka, ikafurika, ikamwagika, na hakuna aliyeikimbilia.