Bila Weye Salle Iko Giza

Mwanachama wa umoja huu hapatikani ofisini wala nyumbani, na simu yake huzimwa siku anapojua kuna mkutano. Anapatikana Kasumbalesa. Pale mpakani, kwenye foleni ya malori, hawezi kukimbia kwa sababu mzigo wake haujapita forodha. Wivine Ngalula aliligundua hilo mwenyewe. Tangu hapo, kabla ya kila mkutano, alipanda gari kutoka Lubumbashi kwenda kuwawinda wanachama wake katikati ya wabadilisha pesa na wauza mahindi.

Alikuwa msimamizi wa shughuli katika Umoja wa Wafanyabiashara wa Nishati: wauza mafuta, wauza jenereta, wafunga sola. Kazi yake, tuseme ukweli, ilikuwa kuwabembeleza watu wazima waje kukaa kwenye viti.

Siku hiyo alivaa kitenge cha kijani kilichomkaa vizuri kiunoni, na viatu virefu ambavyo vumbi lilikuwa limeshavibadilisha rangi. Akamwona mwanaume amekaa kwenye ngazi ya lori, shati limeloa jasho, anatafuna mahindi ya kuchoma, akamdhani dereva.

"Chauffeur, yambo. Patron yako iko wapi?"

"Patron iko anakula mahindi."

Wivine akamtazama vizuri. "Weye njo Floribert? Ule wa masola, wa Ruashi?"

"Njo mimi. Na weye njo ule mama wa kututumia message kila saa? 'Bapendwa ba-membres, tafazali'?"

"Mademoiselle. Haiko mama."

"Ah! Hiyo haukuandika mu message."

Wivine alikuwa ameapa kutocheka na mwanachama yeyote mwezi ule. Akacheka. Floribert akavunja hindi, akampa nusu, naye akala akiwa amesimama, jua likimchoma shingo.

"Batteries zangu zinalala hapa, mi nazichunga sawa ngombe," Floribert akasema. "Mukutano yenu itanisaidia nini?"

"Itakusaidia zisilale tena. Kama munakuya. Hamukuyake!"

"Unipigie simu, nitakuya."

"Nitakupigia."

"Kila siku?"

"Weye ni membre ao mutoto?"

"Mi ni membre mwenye kusahau, chérie."

Akampigia. Asubuhi ya kwanza alimwambia maneno ya kazi, ya kumwita kwenye ukumbi wa mkutano: "Floribert wangu, bila weye ile salle iko giza tu." Floribert aliketi juu ya boksi la betri akatabasamu peke yake kama mjinga. Siku zilizofuata mazungumzo yalirefuka. Mchana Wivine alikuwa akipiga na kuuliza, "Umekula?" Akijibu bado, anakemewa: "Mwanaume mukubwa hivi, na njaa! Enda ukule bukari kwanza, njo tusemezane." Jioni walikutana mjini, Wivine na gauni lake jekundu, Floribert na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

Floribert akaenda kwa shangazi yake, tantine Jeanne, aliyemlea, kumwambia kwamba anataka kuoa. Familia yao ni Wakatoliki wa kaskazini, babu alikuwa mtu wa reli, na tantine hakupenda kusikia habari za kuoa kwa Wakasai, kabila la kina Wivine.

"Bale bantu bana maneno mingi," akasema.

"Tantine, huyu ananiulizaka kama nimekula."

Tantine akasema, "Basi. Tutaenda kubaona bazazi yake." Tantine Jeanne hutoa neno mara moja tu. Ukimwaibisha mbele ya watu, harudi.

Wiki hiyohiyo mambo yakaharibika. Floribert alipita mtaa wa Hewa Bora, kwenye depo ya mafuta ya rafiki yake Jeannot, mwanachama mwenzake. Jeannot alikuwa akimimina mafuta, mikono michafu, na simu ilipolia akaiweka sauti kubwa.

"Jeannot wangu," sauti ikasema, tamu kama asali, "bila weye ile salle iko giza tu."

Floribert aliijua sauti ile.

"Anakuambiaka hivyo?"

"Bote anabaambia hivyo, masta! Ata Papa Dieumerci, na meno yake mbili. Njo kazi yake."

Floribert hakuuliza zaidi. Alitoa simu, akajiondoa kwenye kundi la WhatsApp la umoja. Watu wote wakaona: Floribert ametoka. Wivine alipopiga, alijibiwa hivi:

"Unasema nini? Salle iko giza? Ambia Jeannot akuwashie."

"Floribert, ile ni kazi!"

"Na mimi pia ni kazi?"

"Umekula kwanza? Unasema sawa muntu mwenye njaa."

"Mubeshi weye! Tantine yangu nitamuambia nini?"

Akakata. Wivine aliitazama simu kwa hasira iliyokosa pa kwenda. Ukibembeleza watu, unaitwa mwongo. Usipowabembeleza, hawaji. Hao ndio watu wa nishati.

Na sheria yao ndiyo iliyomchosha kabisa. Mkutano wa kwanza ukiitwa unahitaji akidi: nusu ya wanachama na mmoja zaidi. Akidi ikikosekana, unaitwa wa pili, na huo unafanyika hata na watu wanne. Kwa hiyo kila mtu hungoja wa pili. Safari hii rais wa umoja, Papa Antoine, muuza jenereta mwenye tumbo na suti nyeupe, alimwambia waziwazi: "Wivine, quorum ikikosa tena, utatafuta kazi fasi ingine."

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa umekodiwa, hauna dirisha hata moja. Papa Antoine alipofungua mdomo, umeme ukakatika.

Wakakaa gizani, wafanyabiashara wa nishati wa mji mzima. Jenereta haikuletwa hata moja. Muuza jenereta alidhani wa sola ataleta, wa sola alidhani wa mafuta, na wa mafuta alidhani kwamba rais ndiye anayefikiria.

"Wivine!" Papa Antoine akapaza sauti. "Pigia ule kijana wa batteries wa Ruashi. Akuye na mwangaza, na yeye mwenyewe, tunakosa muntu mumoja."

"Ule sitamupigia."

"Ninakuamuru!"

"Président, nipigie bantu bote ba Congo, nitabapigia. Ule sitamupigia tena kwa kazi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze." Halafu akageukia giza na kupiga kelele: "Na weye, na weye, kila muntu abebe kiti yake! Inje kuko jua ya bule!"

Wakabeba viti, wakubwa wale, wakinung'unika kama watoto wa shule. Jeannot alibaki nyuma, akapiga simu mwenyewe.

"Floribert, sikia. Wivine iko karibu kufukuzwa kazi kwa kukataa kukupigia. Anasema weye hauko kazi. Na kitu ingine, masta: mi, ata siku moja haniulizaka kama nimekula."

Floribert alifika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuleta betri wala taa. Papa Antoine aliruka kutoka kitini.

"Njo ule! Quorum imetimia! Wivine, muandike!"

Wivine alishika kalamu. Floribert alisimama mbele yake, mbele ya wote, asijue mikono yake aiweke wapi.

"Sikukuya kwa mukutano," akasema. "Usiniandike."

"Muandike!" Papa Antoine akafoka.

Wivine akaweka kalamu juu ya daftari, akavua na kitambulisho chake cha kazi shingoni. "Huyu haiko membre leo, Président. Huyu ni wangu."

Kelele zikapanda. Akidi ikakosekana kwa mtu mmoja aliyesimama palepale. Mkutano ukaahirishwa, na wengi wao, tuseme tena ukweli, walifurahi.

"Umekula?" Floribert akamuuliza.

"Tangu asubuyi, ata maji."

Walikaa kwa mama mmoja muuza chakula karibu na pale, ugali wao wa bukari na samaki wa tomson mbele yao. Kabla ya tonge la pili simu ya Wivine ikalia. Papa Antoine. Floribert akaichukua, akalainisha sauti.

"Antoine wangu, bila weye ile salle iko giza tu."

Sauti nzito ikanguruma: "Floribert? Mujinga weye. Ambia bibi yako akuye ku kazi lundi, asubuyi mapema. Hii bantu, hakuna mwengine anaweza kubaita."

Wivine alikuwa amesikia. Alinyanyua nyusi, vidole vimejaa mchuzi.

"Bibi yako? Umenioa lini?"

"Président njo amesema," Floribert akajibu. "Mi ni membre, natii. Tantine Jeanne anauliza kama dimanche, kisha misa, baba yako iko kwake, tukuye kumuona."

"Iko," Wivine akasema. "Kula, samaki inapoa."