Video ya Sekunde Arobaini

Kila Jumamosi asubuhi Odalys Treviño alikaanga mayai, akayafungia ndani ya tortilla mbili, zile chapati nyembamba za mahindi, moja yake na nyingine ya mama yake. Wakimaliza kula, mama yake, Maricela, aliingia katika chumba cha kufulia nguo, akafunga mlango na kuanza kuvunjavunja mabua ya mboga iitwayo seleri. Majirani zao hapo mjini Garland walikuwa wamekwisha kuzoea. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti za michezo ya video, na bua la seleri likivunjwa karibu na kinasa sauti, mchezaji husikia mfupa ukivunjika.

Mwaka huo kampuni yake ilikuwa ikiunda upya mchezo wa zamani uitwao Shimo la Chuma. Katika mchezo huo unaona kila kitu kwa macho ya askari, bunduki iko mbele yako, nawe unapita katika mahandaki yaliyojaa mazimwi. Akina baba wengi wa Garland waliucheza ujanani. Aliyechora mahandaki yale ni Bwana Harlan Pruitt. Sasa alikuwa na mvi kichwa kizima, na kampuni ilimwita tena ayachore upya. Yeye na Maricela walikuwa marafiki wa kazini. Ijumaa moja alimpa nakala ya handaki la kwanza kabla ruhusa haijatoka, ili awahi kulitilia sauti akiwa nyumbani.

Shuleni, Odalys alikuwa amejigamba kwamba mama yake anatengeneza Shimo la Chuma. Mwenzake wa darasani, Tanner Boudreaux, alimcheka mbele ya wenzao.

"Mama yako anavunja mboga tu," alisema. "Hata mimi kwetu navunja mboga, na sijitangazi."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Jumamosi ile, mama yake alipotoka kwenda dukani, Odalys aliwasha kompyuta yake, akaurekodi mchezo kwa simu kwa sekunde arobaini, akamtumia Tanner peke yake, na kumwomba asimwonyeshe mtu. Kufikia Jumapili jioni, video hiyo ilikuwa imetazamwa na watu wa nchi ambazo Odalys hakuwahi hata kuzisikia.

Jumatatu kampuni ilianza kumsaka mhusika. Katika video hakukuwa na sauti yoyote ya mchezo, si ya mlango wala ya nyayo. Kwa hesabu za kampuni, nakala isiyo na sauti alikuwa nayo mtu mmoja tu, Bwana Pruitt.

Maricela alirudi nyumbani uso umemshuka. Alimkalisha binti yake mezani.

"Oda, nitazame. Uliigusa kompyuta yangu?"

"Hapana, Mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Maricela alimwamini. Papo hapo alimpigia simu Bwana Pruitt, akamhakikishia kwamba nyumbani kwake hakijatoka kitu. Mzee yule angeweza kujiokoa kwa kusema tu kwamba nakala ya pili alimpa Maricela. Hakusema. Aliona akimtaja atamponza mama anayelea mtoto peke yake, tena aliyekwisha kumpa neno lake. Ijumaa alifukuzwa kazi.

Wiki tatu zikapita. Tanner sasa alimsifu Odalys kila mahali, lakini sifa zile zilikuwa chungu mdomoni mwake. Kila asubuhi alijiambia atasema leo, na kila jioni alijiambia kesho. Siku moja baada ya shule alimkuta mama yake jikoni, akiosha vyombo kwa hasira.

"Nimefikiri sana," alisema Maricela. "Labda Harlan alitaka sifa uzeeni. Nilimdhania mwaminifu, kumbe alinichezea. Na jana nilimwambia hivyo hivyo usoni pake."

Odalys alishindwa kuvumilia zaidi. Alieleza yote, kuanzia kejeli za Tanner mpaka uongo wa mezani. Maricela alifunga bomba la maji.

"Mbona hukusema nilipokuuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa," alirudia mama. "Na mimi nikamwita mzee wa watu mwongo."

Kesho yake Maricela alikwenda kwa mkurugenzi, akasema ukweli wote. Akafukuzwa naye, kwa kupeleka nakala nyumbani. Bwana Pruitt hakurudishwa, kwa kuwa aliitoa bila ruhusa. Ila mkurugenzi aliwaandikia wafanyakazi wote kwamba siye aliyevujisha mchezo, na kwamba jina lake litabaki katika orodha ya waliouunda. Basi, hayo tu.

Siku hiyohiyo mama na binti walikwenda nyumbani kwa Bwana Pruitt. Walimkuta akikata majani kwa mashine mbele ya nyumba. Alizima mashine, akamsikiliza Odalys mpaka mwisho, huku akifuta mikono kwa kitambaa.

"Ile video ningekusamehe siku ileile," alisema. "Mtoto akichokozwa hufanya upuuzi. Ungesema Jumatatu, tungekaripiwa sote na kazi ingeendelea. Kosa lako lilikuwa la sekunde arobaini, binti. Wiki tatu za kunyamaza ndizo zilizotumaliza. Ukikosea tena, na utakosea, sema upesi."

Alimpa mkono. Maricela naye alimwomba radhi, lakini mzee alimwambia kwa upole kwamba leo hana la kumjibu, kisha akawasha mashine.

Ndani ya gari Odalys alilia. Aliuliza kama Bwana Pruitt atawasamehe.

"Wewe amekwisha kukusamehe, maana u mtoto, na umesema kweli," alijibu mama yake. "Mimi nilikuwa mtu mzima. Nilimjua miaka kumi, nikamhukumu bila kumuuliza. Jifunze kwangu pia."