Hoho Zilizowasha Ulimi

Fundi wa cherehani alifanyia kazi sebuleni kwake, mlango ukiwa wazi. Cherehani aliiweka karibu na dirisha ili apate mwanga. Akichoka kushona, alisimama, akanyoosha mgongo, akatoka uani kutazama bustani yake.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Palikuwa na tuta moja la hoho, miche saba. Kando ya ukuta palikuwa na mistari miwili ya njegere.

Ua ule ulikuwa wa nyumba mbili. Upande mmoja aliishi fundi na mumewe, ambaye alikuwa kinyozi, pamoja na mama mkwe. Upande wa pili aliishi wifi yake, dada wa kinyozi. Wifi naye alikuwa na tuta lake. Alipanda pilipili kali, zile ndogo nyekundu za kumtoa mtu jasho. Kati ya tuta na tuta palikuwa na kamba ya kuanikia nguo tu.

Mama mkwe alikuwa na vidonda vya tumbo. Daktari alimkataza pilipili kali. Ndiyo maana fundi alipanda hoho. Alitaka chakula chenye harufu nzuri kisichomuumiza mama.

Siku moja mchana walikaa kula. Mama mkwe alitia kijiko cha kwanza mdomoni. Ghafla akakitupa kijiko, akashika koo.

"Umetia nini humu?" aliuliza.

"Hoho tu, mama."

"Hoho gani inachoma hivi?"

Kinyozi alionja. Akakohoa mpaka macho yakawa mekundu. Kisha akamtazama mkewe. Akaisukuma sahani kando.

Mama mkwe alilala siku mbili akijishika tumbo. Alipoinuka, alianza kujipikia uji wake mwenyewe. Asubuhi moja fundi alimsikia akiongea na mwanawe nyuma ya mlango.

"Mwanangu, mimi sisemi kitu," alisema mama mkwe. "Lakini kuwa macho."

"Mama, hoho za wiki iliyopita zilikuwa tamu. Sote tulikula."

"Ndiyo nashangaa. Tuta ni lile lile, mpishi ni yule yule. Leo tamu, kesho kali. Hoho hubadili tabia kila siku? Wewe jiulize."

Fundi alirudi kwenye cherehani. Alijua hakutia pilipili. Basi nani alifanya hivyo? Alifikiri, akafikiri, na mawazo yake yakavuka kamba ya nguo.

Mbegu za zile hoho alizitoa mwenyewe kwenye hoho zake za msimu uliopita. Alizikausha akazifunga kwenye bahasha. Lakini kabati lake lilivujiwa na mvua, akaiweka bahasha kwa wifi kwa wiki mbili. Wiki mbili nzima! Na hoho zilipozaa, nani alizicheka kwanza? Wifi. Alisema, "Mbona nyingine zimechongoka kama pua?"

Tena kulikuwa na jambo la njegere. Zilitoa maua mengi meupe. Kisha maua yakanyauka yakaanguka bila kufunga maganda. Na nani alifua nguo karibu na ukuta ule kila siku? Wifi huyo huyo.

"Ananimwagia maji ya sabuni," fundi alijisemea. "Na mbegu alizibadilisha."

Tangu hapo hakushona kwa raha. Alikanyaga cherehani mara mbili, akachungulia dirishani mara tatu. Siku moja alishona mkono wa kulia wa shati upande wa kushoto, ikabidi afumue.

Alipochungulia tena, alimwona wifi ameinama kwenye njegere. Fundi alitoka mbio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Unafanya nini hapo?"

"Naokota kibanio cha nguo," alijibu wifi.

"Kibanio chako kimeona mahali pa kuangukia ni kwenye njegere zangu tu?"

"Kwani upepo nauamuru mimi?"

"Sema ukweli, wifi. Mbegu zangu ulizibadilisha. Sasa mama ananiona mimi mchawi!"

Wifi alisimama, mikono kiunoni. "Mtu apike pilipili mwenyewe, kisha lawama aniletee mimi? Usinitie kwenye mambo yako!"

Mama mkwe alitoka chumbani. Kinyozi, aliyekuwa amerudi kuchukua taulo safi za kazini, alisimama katikati asijue amshike nani. Wakati huohuo mtu akabisha hodi mlangoni.

Alikuwa ni mteja. Walizoea kumwita Mama Miche, kwa sababu alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Alileta koti lake la kazi libadilishwe zipu. Alitaka kuondoka alipoona ugomvi, lakini jicho lake likaangukia matuta mawili, la hoho na la pilipili. Akasita.

"Samahani, si mambo yangu," alisema. "Lakini mbegu za hoho hizi mlizitoa wapi?"

Fundi alimweleza kwa hasira. Alieleza habari ya bahasha, na kabati, na wiki mbili.

"Na msimu uliopita pilipili za wifi yako zilikuwepo?"

"Zipo siku zote."

"Basi aliyeharibu mbegu zako namjua," alisema Mama Miche.

Fundi alimkazia wifi macho. Wifi akakunja uso.

"Ni nyuki," alisema Mama Miche.

"Dada, usinitanie," alisema fundi.

"Sitanii. Tazama ua la pilipili. Ndani kuna unga. Nyuki hutua hapa, unga ukamganda miguuni. Kisha huruka akatua kwenye ua la hoho. Unga wa pilipili ukaingia kwenye hoho. Mbegu zitakazotoka hapo mama yake ni hoho, baba yake ni pilipili."

"Kumbe tumeozesha bila posa!" alisema kinyozi. Hakuna aliyecheka.

"Mbona msimu uliopita hoho hazikuwasha?" aliuliza wifi.

"Hoho ni kama mama mjamzito. Ukimtazama usoni ni yule yule. Mtoto aliye tumboni ndiye huchukua ya baba. Hoho uliyokula mwaka jana ilikuwa ya mama. Ukali ulijificha kwenye mbegu. Ulipozipanda, ukatokeza."

Mama mkwe alikuwa akisikiliza huku amekunja mikono. "Na hii ya leo tamu, kesho kali?"

"Nyuki hagusi kila mbegu, mama. Katika hoho moja mbegu nyingine hubaki safi. Nadhani katika miche hii saba, mingine ni mitamu na mingine ni mikali. Ukichuma bila kujua, unachanganya."

"Unadhani," alisema mama mkwe. "Wewe ni mteja wa huyu. Nitajuaje kama hamkupanga?"

Fundi naye hakumwamini mgeni. Alifikiri, "Huyu ana kitalu. Anatafuta kuniuzia mbegu zake."

Mama Miche hakukasirika. "Mama, usiniamini. Chuma mwenyewe. Hoho moja kwa kila mche. Mimi na fundi tutakaa mbali."

Hilo mama mkwe alilikubali. Alileta kisu na sahani kutoka chumbani kwake, si vya jikoni. Alichuma kutoka mche wa kwanza, akakata kipande chembamba karibu na kikonyo, pale penye utando mweupe. Mama Miche alimwambia kuwa ukali hukaa hapo zaidi. Mama mkwe mwenyewe hakuonja. Aliwapa wanawe wawili.

Mche wa kwanza ulikuwa mtamu. Wa pili pia. Mche wa tatu, wifi alitafuna polepole kama mtu anayepima chumvi.

"Huu ni mkali," alisema. "Ila haufikii zangu."

Kinyozi, kwa haraka zake, alikuwa amekwisha kutia kipande kizima mdomoni. Alipiga chafya, machozi yakamtoka, akazunguka ua mzima akipuliza. Wifi alimkimbizia kikombe cha maziwa. Hapo ndipo mama mkwe alipotabasamu kidogo, akaficha.

Mwisho walipata miche minne mitamu na mitatu mikali. Fundi alifunga uzi mwekundu kwenye ile mitatu. Hoho za miche hiyo ndizo zilizochongoka.

"Na njegere zangu?" fundi aliuliza, sauti sasa imeshuka. "Maua yote yalianguka. Huko nyuki kafanya nini? Au ni maji ya sabuni?"

"Hakufanya kitu. Ulizipanda lini?"

"Siku moja na hoho. Msimu wa joto."

"Hapo ndipo ulipokosea. Hoho hupenda joto. Njegere hupenda ubaridi. Joto likizidi, maua ya njegere huanguka. Sabuni ya mtu haihusiki."

Wifi alimtazama fundi. "Sabuni? Ulisema namwaga sabuni?"

Fundi aliivua futi shingoni, akaanza kuikunja.

"Zipande msimu wa baridi," aliendelea Mama Miche haraka. "Na ujue aina. Ziko njegere fupi, zinazosimama zenyewe. Ziko ndefu, zinazotambaa, ambazo hutaka kamba au vijiti. Wewe una ukuta, chagua ndefu. Mbegu zake unaweza kutunza bila wasiwasi, kwa sababu ua la njegere hujitia unga lenyewe kabla halijafunguka. Aina mbili zikikaa jirani, ni nadra kuchanganyika."

"Na hoho ninunue kwako?" aliuliza fundi, akimtazama kwa jicho la pembeni.

Mama Miche alicheka. "Ukinunua, kwangu au kwingine, soma pakiti. Ikiandikwa chotara, usitunze mbegu zake, maana watoto hawatafanana na mama. Lakini wewe huna haja ya kununua. Una miche minne mitamu. Kazi ni kumzuia nyuki. Una kitambaa chepesi cha wavu, kile cha shela ya bibi harusi?"

"Vipande vimejaa kapuni."

"Basi shona vifuko vidogo."

Alimwonyesha namna ya kufanya. Chagua kitumba cha ua ambacho hakijafunguka. Kivike kifuko, ufunge taratibu. Ua likifunguka, litikise kidogo kwa kidole kila asubuhi ili unga wake uliangukie lenyewe. Hoho ndogo ikitokeza, vua kifuko, ufunge uzi mweupe kwenye kikonyo. Hoho hiyo usiile. Iache mpaka iwe nyekundu kabisa, ndipo utoe mbegu. Zikaushe kivulini. Zitie kwenye karatasi, uandike jina na tarehe.

"Nitaamini nikila," alisema mama mkwe, akaingia ndani.

Fundi alishona vifuko kumi. Siku ya kwanza alivivika, na siku ya pili akakuta mama mkwe ameweka kigoda pembeni ya tuta.

"Nakaa hapa," alisema mama mkwe. "Isije ikasemwa mtu amegusa."

Kila asubuhi alikaa pale akilinda. Alimchunga fundi, akamchunga wifi, akamchunga hata nyuki. Kuku akipita, alimfukuza. Baada ya siku chache alianza kutikisa maua yeye mwenyewe, kwa sababu aliona fundi anayatikisa kwa nguvu mno. Baada ya wiki mbili alikuwa akimwambia mwanawe habari za kila kifuko. Vitatu maua yalianguka. Saba vilizaa.

Baridi ilipoingia, fundi alipanda njegere ndefu na kuzifungia kamba ukutani. Joto liliporudi, alisia mbegu za hoho za uzi mweupe. Miche ilipofikia urefu wa kiganja, alihamishia minane kwenye tuta, hatua moja kati ya mche na mche.

Ikazaa. Hoho zote zilikuwa pana, zenye mabega, hakuna iliyochongoka. Hata hivyo mama mkwe hakukubali mpaka waonje mche mmoja mmoja, kama mara ile. Kinyozi alionja kwa ncha ya ulimi, akiwa na kikombe cha maziwa mkononi. Miche yote minane ilikuwa mitamu.

Mama mkwe alichukua kipande kilichobaki kwenye sahani, akakila. Akangoja. Kisha akachukua kingine.

"Mwanangu," alimwambia fundi, "nilikuwazia mabaya. Nilifikiri umenichoka."

"Mama, sijakuchoka."

"Najua sasa. Leo pika wewe. Uji umenishinda."

Fundi alilia kidogo, akajifuta kwa kanga. Lakini moyo wake haukutulia. Alichukua karatasi moja ya mbegu, akapita chini ya kamba ya nguo. Wifi alikuwa amekaa mlangoni na beseni la njegere kavu za mbegu alizogawiwa asubuhi.

"Wifi, nilikusingizia mbele ya watu. Nisamehe."

Wifi aliendelea kumenya. "Ulinisema sana."

"Nilikusema sana."

"Ukaniita mwizi wa mbegu."

"Nilikosea."

"Na sabuni juu!"

"Na sabuni pia."

Wifi alijaribu kununa, lakini kicheko kilimshinda. Alisogea, akampisha nafasi kizingitini, akalisukuma beseni lote mapajani mwa fundi.

"Haya, kaa," alisema. "Lakini zilizobaki utamenya wewe."