Ufa Nyuma ya Kalenda

Kila asubuhi Josepha alitandika mkeka uani na kuanika matobolwa. Viazi vitamu alivichemsha jana yake, akavikata vipande, na jua la Tabora lilimaliza kazi iliyobaki. Vikishakauka alivipima kwa kopo na kuwauzia majirani. Mumewe, Gerson, aliondoka saa moja kwenda karakana, ambako alitengeneza mizinga ya nyuki ya mbao. Binti yao Magreth, wa miaka minne, alibaki kulinda mkeka. Kuku wa jirani walimjua, wakamwogopa.

Walihamia Itetemia, mtaa wa mjini Tabora, mwezi wa nane, wakitokea kijiji cha Kigwa. Gerson alikuwa amepata kazi mjini, lakini hiyo haikuwa sababu kubwa. Josepha alikuwa mjamzito. Magreth alizaliwa kwa upasuaji, na kwa mimba hii muuguzi alisema waziwazi, "Safari hii usikae mbali na hospitali. Miezi ya mwisho nataka uwe hapahapa mjini." Kwa hiyo walitafuta nyumba.

Hawakuwahi kupanga nyumba. Kigwa, Gerson alijenga mwenyewe kwenye eneo la baba yake. Na huko, mtu akiachiwa nyumba na ndugu aliyekwenda Urambo kulima tumbaku, huitunza kama yake. Hukandika ukuta, huziba paa, huchimba mfereji. Haombi ruhusa. Asiyefanya hivyo huitwa mvivu.

Mwenye nyumba aliitwa Mzee Nurdini. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa sokoni, mtu wa maneno machache na kanzu safi. Aliwaonyesha vyumba viwili, choo na bomba la uani. Gerson alipima kwa macho, akaona kitanda kitaenea. Waliafikiana kodi ya miezi sita. Gerson alilipa kwa simu palepale.

Josepha alimnong'oneza mumewe, "Hatuandikiani?"

"Mtu ametukaribisha vizuri namna hii," Gerson alijibu kwa sauti ya chini. "Unataka tumwambie hatumwamini?"

Mzee Nurdini naye hakutaja karatasi. Aliwapa funguo, akaenda zake msikitini.

Ilikuwa kiangazi. Ardhi ilikuwa kavu, na hakuna aliyeuliza maji ya mvua hupita wapi. Chini ya ukuta wa sebule kulikuwa na mstari wa kahawia, kimo cha kiganja kutoka sakafuni. Josepha alidhani ni rangi. Juu zaidi kulikuwa na ufa mwembamba, ulioanzia pembe ya dirisha. Siku ileile Gerson alimpiga mkewe picha mbele ya ukuta huo, akamtumia mama yake Kigwa. Kisha Josepha akaokota jiwe, akapigilia msumari, akatundika kalenda ya kanisa juu ya ufa. Chumba kikapendeza.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha katikati ya Novemba. Maji yaliteremka kutoka barabarani, yakavuka uwanja, yakapita chini ya mlango. Gunia zima la matobolwa lililowa. Josepha, tumbo likiwa kubwa, alikwangua tope sakafuni mpaka mgongo ukamuuma.

Jumapili, walipotoka kanisani, Gerson alichukua jembe. Alichimba mfereji kutoka mlangoni, akaupitisha kando ya ukuta, akautoa nyuma kwenye uzio. Alifanya kazi safi. Mvua iliyofuata haikuingia ndani. Gerson alisubiri Mzee Nurdini aje aone, amshukuru.

Mzee Nurdini alikuja Alhamisi. Hakushukuru. Alisimama juu ya mfereji kwa muda mrefu.

"Nani amekuruhusu kuchimba kwenye msingi wangu?"

"Maji yalikuwa yanaingia, mzee."

"Hapa si shamba la viazi, kijana. Umenipigia matuta uani."

Aliingia sebuleni. Upepo wa mlango uliinua kalenda, naye akauona ufa. Akaisogeza kalenda pembeni kwa fimbo yake.

"Na hiki? Umechimba msingi, ukuta umepasuka, mkaficha kwa kalenda."

"Ufa huo tumeukuta," Josepha alisema.

"Mlipoukuta mlimwambia nani?"

Mzee Nurdini alitazama tumbo la Josepha, akatazama pembeni. "Mwisho wa mwezi ujao nataka funguo zangu," alisema, akaondoka.

Mwezi ujao ulikuwa Desemba. Mtoto alitarajiwa wiki yake ya mwisho.

Gerson alikaa kwenye kigoda, jembe likiwa mbele yake. "Turudi Kigwa. Siwezi kukaa kwenye nyumba ya mtu anayeniona mharibifu."

"Nikishikwa na uchungu Kigwa utanibeba na nini?" Josepha aliuliza. "Baiskeli?"

"Wengi wamebebwa kwa baiskeli, wakafika."

"Hao wengi hawana mshono tumboni."

Josepha akajifunga kanga ya pili, akaenda nyumba ya jirani.

Jirani huyo aliitwa Bi Amne. Alikuwa karani mstaafu wa masijala, na alikuwa mpangaji wa nyumba hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Karatasi zake zote alizihifadhi kwenye jalada la kijani, hata stakabadhi za maji za zamani.

"Kalia stuli hiyo, Mama Magreth. Tumbo hilo si la kusimama nalo."

Josepha alimweleza yote. Bi Amne alisikiliza bila kumkatiza, kisha akaanza kuuliza.

"Mna mkataba?"

"Wa maneno."

"Mkataba wa maneno ni mkataba, lakini kila mtu anaukumbuka anavyopenda. Kodi mlilipaje?"

"Kwa simu."

"Ujumbe upo?"

"Upo kwenye simu ya Gerson."

"Asiufute. Unaonyesha siku mliyolipa na kiasi. Ukilinganishwa na kodi ya mwezi, utaonyesha mmelipia mpaka Februari. Sasa, mlipoingia mliikagua nyumba?"

"Tuliitazama."

"Kutazama ni kingine. Kukagua ni wewe na mwenye nyumba mnapita chumba kwa chumba, mnaandika. Kioo kimepasuka, andika. Kitasa kimelegea, andika. Ukutani kuna mstari wa kahawia, unauliza. Mstari ule ni kimo cha maji ya mvua za mwaka jana."

Josepha alijifunika uso kwa mkono. "Mimi nilidhani ni rangi."

"Nyumba yoyote ni nzuri mwezi wa nane," Bi Amne alisema. "Na mfereji je, mliomba ruhusa?"

"Kwetu haombi mtu. Unachimba tu."

"Kwenu mlichimba kwenye nyumba yenu. Mpangaji amenunua kukaa, hajanunua ukuta. Kitu kikiharibika unamwarifu mwenye nyumba, ikiwezekana kwa ujumbe, ili siku ya kuarifu ijulikane. Akikubali, unatengeneza. Mumeo angemtumia maneno mawili kabla ya kushika jembe, leo tusingekuwa hapa."

Lilikuwa neno gumu, lakini lilikuwa kweli. Bi Amne aliendelea. "Tubaki kwenye ufa. Nani mwingine aliuona siku mliyohamia?"

"Hakuna." Josepha alifikiri kidogo. "Ila nilipigwa picha pale, kabla ya kutundika kalenda."

Bi Amne alivua miwani, akaifuta. "Kamlete mumeo na simu yake."

Picha ilikuwepo, pamoja na tarehe: kumi na moja, mwezi wa nane. Bi Amne aliikuza kwa vidole viwili. Nyuma ya bega la Josepha ufa ulionekana vizuri. Ulianzia pembe ya dirisha, ukaishia kwenye swichi ya taa.

"Hapo nimepona," Gerson alisema.

"Nusu," Bi Amne alimjibu. "Picha inajibu habari ya ufa. Haijibu habari ya mfereji. Hiyo utaijibu wewe kwa mdomo wako."

Kesho yake asubuhi wote watatu walikwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, Bwana Zablon, alimpigia simu Mzee Nurdini, kisha wote wakakutana palepale kwenye nyumba.

Gerson ndiye aliyeanza. "Shikamoo, mzee. Nimechimba kwako bila kukuuliza. Nimekosa. Leo hii naweza kuufukia."

"Marahaba," Mzee Nurdini alisema. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akakosa wa kugombana naye.

Mwenyekiti aliiondoa kalenda ukutani, akampa mzee simu ya Gerson yenye picha. Mzee Nurdini aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Miwani yangu iko dukani."

"Chukua yangu," Bi Amne alisema.

Mzee aliivaa. Ilikuwa ya kike, yenye fremu nyekundu, na Magreth alicheka mpaka mama yake akamfinya. Mzee alitazama picha, akatazama ukuta. Aliufuata ufa kwa kidole kutoka dirishani mpaka kwenye swichi. Haukuwa umeongezeka hata kidogo.

"Ni uleule," alisema mwisho. "Wa kabla."

"Na maji?" Mwenyekiti aliuliza. "Ni ya mwaka huu tu?"

Mzee Nurdini aliivua miwani polepole. "Mpangaji aliyetangulia naye alilalamika. Nilisema nitatengeneza kiangazi. Kiangazi kikapita."

"Basi mmekosa wote wawili," alisema Mwenyekiti Zablon, "na nyote mngeokolewa na karatasi moja."

Mzee Nurdini hakudai tena funguo. Walikaa sebuleni, Bi Amne akaandika mkataba. Waliweka majina na namba za vitambulisho. Waliweka vyumba, kodi, tarehe ya kuanza na ya kwisha. Umeme wa Luku, wa kulipia kabla, ulikuwa wa pamoja na mpangaji wa chumba cha nyuma, kwa hiyo waliandika nani ananunua na wanagawanaje. Waliandika kuwa matengenezo ya paa, kuta na mifereji ni ya mwenye nyumba, na kwamba mpangaji hachimbi wala kubomoa bila ruhusa. Walibishana juu ya notisi. Mzee Nurdini alitaka mwezi mmoja, Gerson akataka mitatu, wakakubaliana miwili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa orodha ya hali ya nyumba. Mstari wa kwanza ulisomeka: ufa, kutoka dirishani mpaka swichi.

"Mbona hujasaini?" Mwenyekiti alimwuliza Josepha.

"Anasaini baba Magreth."

"Nyumba unaishi wewe. Saini, lakini soma kwanza."

Josepha alisoma taratibu, kwa kidole, mpaka mwisho. Wote walimngojea. Kisha akasaini. Nakala moja ikabaki kwao, moja kwa Mzee Nurdini, ya tatu ofisini, na zote zikapigwa muhuri.

Wiki iliyofuata Mzee Nurdini alileta mwashi na saruji. Mwashi aliufukia mfereji wa Gerson, akajenga mwingine mbali na msingi, upande maji yanakoteremkia. Gerson alichanganya zege baada ya kazi, bila kuombwa. Ufa nao ulizibwa na kupakwa rangi.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Desemba, kwa upasuaji, salama. Kutoka nyumbani mpaka hospitali walitumia dakika ishirini.

Josepha alirudi Itetemia siku ya mvua. Alisimama mlangoni na mtoto mikononi, akatazama chini. Maji yalipita kwa kasi kwenye mfereji mpya, yakaenda zake nyuma ya nyumba. Sakafu ilikuwa kavu.

Gerson alikuwa amenunua kalenda ya mwaka mpya. Aliikunjua, akachukua nyundo na msumari, akauelekea ukuta uliopakwa rangi.

"Ngoja kwanza," Josepha alisema. Akachukua simu.

"Shikamoo, mzee. Ni Mama Magreth. Ndiyo, tumerudi, mtoto mzima. Mzee, tunaomba kupigilia msumari."

Upande wa pili kilisikika kicheko.

"Misumari mingapi?"

"Mmoja tu."

"Pigeni. Na mtoto mpeni salamu za mwenye nyumba."

Gerson alipiga msumari. Josepha akarudi nyuma hatua mbili na kuupiga ukuta picha.