Tumekusikia, Bi Roselyn

Leontine Metoyer alijulikana mji mzima kwa gumbo lake, ule mchuzi mzito wa bamia, kuku na soseji ya moshi, na tangu waoane mumewe Ferrel hajawahi kuacha tone bakulini. Jumapili moja ya mwezi wa tisa Ferrel alionja kijiko kimoja tu, akakiweka chini taratibu.

"Mama watoto, huyu kuku ulimpasulia nyongo?"

"Nyongo ya wapi? Nimenunua mapaja matupu dukani."

Leontine akaonja mwenyewe, akatemea kwenye kitambaa. Mchuzi ulikuwa mchungu, uchungu ule unaoshika kooni na kukataa kushuka. Wakaumwaga. Kesho yake maharage mekundu yakawa vilevile, na kahawa ya asubuhi iliyofuata vilevile. Ferrel akafungua mabomba, akabadilisha chujio la maji, akamtukana fundi ambaye hata hakuwepo. Lakini walipokwenda kula kwa jirani, chakula kilikuwa kitamu, na maji yake yalitoka bomba lilelile la mtaa.

Kisha kengele ikaanza.

Leontine alikuwa dereva wa basi la shule. Asubuhi aliwapeleka watoto, akarudi nyumbani kupumzika mpaka saa ya kuwafuata. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, hata mbwa wa mtaa wamejificha chini ya vibaraza, aliposikia kutoka chumba cha binti yao aliyehamia Houston: *ting*. Kengele ndogo, laini, ya mtu asiyetaka kusumbua. Akaenda. Chumba kitupu, kitanda kimetandikwa. Alipofika jikoni ikalia tena.

Alijua ni kengele gani kabla hajakubali kwamba anajua. Aliisikia mahakamani.

Majira ya kuchipua yaliyopita Leontine aliitwa kwenye jopo, raia kumi na wawili wa kusikiliza kesi, na wenzake wakamchagua mwenyekiti. Mdai alikuwa Roselyn Chevis, mwanamke wa makamo aliyeingia hospitali ya mji kutolewa mfuko wa nyongo, operesheni ambayo watu hutoka jioni yake wakitembea. Daktari akakata mrija usiostahili kukatwa. Nyongo ikamvujia tumboni, na usiku kucha Roselyn akabonyeza kengele. Manesi wakaandika kwamba mgonjwa ni mlalamishi. Walipoapishwa, mmoja baada ya mwingine, wakasema hawakusikia. Wakili wa Roselyn akaileta ile kengele mahakamani akaibonyeza mbele ya jopo, *ting*, na mtu aliyeketi safu ya mwisho kabisa akageuza kichwa.

Roselyn mwenyewe aliletwa kwa kiti cha magurudumu, macho ya manjano kama kiini cha yai. Jopo likampa dola milioni tano, na fedha za matibabu ya maisha yake yote. Leontine alipomaliza kusoma uamuzi hakukaa. Akamtazama yule mgonjwa, akasema neno ambalo hakutumwa kulisema: "Bi Roselyn, tumekusikia. Na utalipwa." Jaji akagonga meza. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sasa, kwa kuisikia kengele ile nyumbani kwake, Leontine akapata wasiwasi juu ya yule mama. Akaenda mahakamani kuulizia hali yake.

"Bibie, kesi ile imekwisha," karani akamwambia.

"Najua imekwisha, mimi ndiye niliyeimaliza. Nauliza, alilipwa?"

Karani akashusha pumzi. "Hamkuambiwa?"

"Tuambiwe nini?"

"Kuna dari, kiwango ambacho malipo hayaruhusiwi kuvuka. Nyinyi jopo semeni mnavyotaka, lakini kesi ya uzembe wa daktari sheria ya jimbo imeiwekea dari. Jaji alikata, ikabaki kama sehemu moja ya kumi."

"Na kwa nini hatukuambiwa?"

"Jopo haliambiwi."

"Yaani tulifungiwa mle ndani tunagombana mpaka mwenzetu Bwana Hebert akalia mbele za watu, kumbe tunacheza kibaba na kimama?"

"Usinipigie kelele mimi, mama. Mimi nagonga mihuri tu hapa."

"Na zile za matibabu?"

"Zile hulipwa kadiri mtu anavyotibiwa." Karani akapunguza sauti. "Alifariki mwezi wa saba, hospitali bado wamekata rufaa hata kwa hiyo iliyobaki. Na maiti hatibiwi."

Leontine akatoka nje, akakaa ndani ya gari bila kuliwasha. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Ndani ya gari lile lililofungwa vioo, akasikia harufu: dawa ya kusafishia vidonda, na chini yake kitu kichungu.

Alimwendea wakili wa Roselyn. Wakili akasema ana hasira kuliko yeye, akamwelekeza kwa mbunge wa jimbo. Kwa mbunge akakutana na msaidizi, kijana wa tai nyembamba, aliyemweleza kwa upole kwamba bila dari madaktari watakimbia na hospitali itafungwa. "Mna hospitali moja tu pale kwenu, mama."

"Hiyo moja ndiyo iliyomuua."

"Naelewa hisia zako."

"Huelewi. Ungeelewa usingekaa vizuri hivyo."

Akapewa kijikaratasi chenye picha ya mbunge anacheka, akaonyeshwa mlango.

Siku ile alirudi nyumbani akamkuta Ferrel kasimama kwenye korido, mgongo ukutani, jasho linamtiririka.

"Leo," akanong'ona, jina analomwita mkewe tangu uchumba wao. "Kuna mtu chumbani kwa mtoto."

"Umemwona?"

"Nimemsikia. Anaita nesi."

"Ukasemaje?"

"Niseme nini? Mtu usiyemwona akikuita huitiki. Na wewe usiitike, nakuomba."

Hawakuitika. Na kwa kuwa hawakuitika, kengele ikazidi. Asubuhi, mchana, wakati wa kula, wakati wa kuoga. Mto wa kitanda cha binti ukaanza kuwa na shimo kama la kichwa kilicholala, na Leontine akilisawazisha linarudi, na kila likirudi lina doa la manjano pana zaidi. Padri akaja akanyunyiza maji ya baraka, akasifu usafi wa nyumba, akaenda zake. Hata hakuwa amefika kona ya mtaa kengele ilipolia.

Halafu ikaja adhuhuri ya mvua. Radi ilipiga nguzo ya umeme mtaa mzima ukazimika, Ferrel hayupo, na Leontine alikuwa jikoni amekaa na kipande cha mkate mkavu, maana mkate mkavu ndicho kitu pekee kilichokuwa hakijawa kichungu mdomoni mwake, akajiambia kwamba angalau bila umeme kutakuwa kimya, na hapohapo kengele ikalia, si chumbani tena bali korido, na baada ya kengele ikaja sauti ya magurudumu madogo yanayoviringika polepole juu ya mbao, yakisimama, yakiviringika, kama mtu anayejisukuma mwenyewe na kuchoka na kujisukuma tena, na harufu ile ikamtangulia mwenyewe, dawa na nyongo, nzito hata macho yakamchoma, na Leontine akabaki ameukodolea macho mlango wa jikoni ambao hakuna kitu kilichoingia humo, hakuna kabisa, ila sakafu ilikuwa inalowa, tone hapa, tone pale, manjano, likija upande wake, mpaka likasimama mbele ya kiti chake, na sauti ya mwanamke, ya adabu, ya mtu anayeona haya kuomba, ikasema karibu na sikio lake:

"Nesi? Samahani nakusumbua."

Leontine hakuitika. Aliteleza kitini, akajificha chini ya meza.

"Ulisema mmenisikia," sauti ikasema.

Ferrel aliporudi alimkuta mkewe chini ya meza. Alikwenda moja kwa moja kituo cha mafuta cha njia panda, ambako Shangazi Ezora aliuza sahani za wali na nyama. Ezora alikuwa tabibu wa jadi. Alitibu kwa kufunga nyuzi na kusoma sala za Kifaransa cha zamani alichorithishwa na mjomba wake, na alikuwa na masharti yake: humlipi, na humwambii asante, maana ukishukuru dawa inakatika.

Alikuja na aproni yake, ananuka vitunguu, amenuna.

"Nimeacha nyama jikoni," akasema. "Basi tusicheleweshane."

Akakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda cha binti, akafunga uzi mafundo, anasali kwa midomo tu. Akauliza kitu kwa Kifaransa. Akasikiliza. Leontine na Ferrel hawakusikia kitu, lakini waliona uso wa yule mama ukibadilika, ule mnuno ukimwisha, akabaki kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Huyu hakutumwa na mtu," akasema. "Hana ubaya na wewe. Wote waliomnyima walimnyima kwa midomo iliyofungwa. Wewe peke yako ulifungua mdomo ukamwahidi. Mfu hushika pale panaposhikika."

"Kwani mimi ndiye niliyekata?" Leontine akapandisha sauti. "Si aende kwa jaji! Aende kwa yule daktari, bado anapasua watu mpaka leo!"

"Wale hawakumwahidi kitu. Atawashika wapi?"

"Sasa tumtoeje?" Ferrel akauliza.

"Rahisi. Mkeo arudishe neno. Ashike uzi huu aseme mara tatu: sikukusikia, sikukuahidi. Mimi nakata uzi, naye hana pa kukaa."

"Basi?"

"Basi."

Ferrel akamshika mkewe bega. "Leo, sema. Sema tukale chakula kama watu."

Leontine akashika uzi. Nyumba ikanyamaza. Haikuwa kengele tu iliyonyamaza, hata friji, iliyowaka tena umeme uliporudi, iliacha kunguruma, hata mvua juu ya bati la kibaraza, kana kwamba yupo aliyetega sikio. Akafungua mdomo.

"Siku..."

Neno likakwama. Akawakumbuka wale manesi, mmoja baada ya mwingine, mkono juu ya Biblia: sikusikia, sikusikia, sikusikia. Akamkumbuka karani. Akamkumbuka yule kijana wa tai. Kila mtu alikuwa amesharudisha neno lake, tena kwa adabu nzuri.

"Leo," Ferrel akabembeleza, "ni maneno tu, mke wangu."

"Na kwao pia yalikuwa maneno tu."

"Utakufa nalo!"

"Nife nalo." Alikuwa analia, lakini kwa hasira, machozi ya mtu aliyegonga milango mpaka ngozi ya vidole imetoka. Akaugeukia mto wenye doa. "Nilikusikia. Nilikuahidi. Sina uwezo wa kukulipa, wamenifunga mikono, lakini sitasema sikukusikia. Mwingine na aseme, mimi sisemi."

Uzi ukateleza mkononi mwake, mafundo yote yamefunguka. Kisha kengele ikalia, nyumba nzima, kuta zote, muda mrefu.

Shangazi Ezora akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni. "Basi atakaa," akasema. "Neno usilolirudisha, yeye halirudishi. Na msinishukuru."

"Sikushukuru," Leontine akamjibu.

"Afadhali."

Ferrel alikasirika, wiki nzima hakusema naye ila kwa kugonga milango. Chakula chake akawa anakula kituo cha mafuta, lakini kulala alirudi nyumbani, mgongo ameupa ukuta. Leontine akazoea uchungu, kama mtu anavyozoea dawa. Kengele ikilia huenda, hukaa pembeni ya kitanda, husema "nipo." Kila alipopata nafasi alivaa gauni la kanisani akaendesha mpaka ofisi ya mbunge. Mara ya kwanza aliporudi kule, yule kijana wa tai alianza kusema anaelewa hisia zake, kisha akaacha, akakunja pua, akatazama kiti kitupu kando ya Leontine.

"Mama, umekuja na nani?"

"Kwa nini?"

"Hapana. Nilidhani... kuna harufu ya hospitali." Akainuka kufungua dirisha. Hata hivyo sheria haikubadilika. Sheria haina pua.

Siku ya Watakatifu Wote, watu wa mji walikwenda makaburini kama desturi, kupaka makaburi chokaa na kuweka maua. Leontine alilitafuta kaburi la Roselyn Chevis. Akamkuta pale mama wa marehemu, Bi Anaise, kikongwe mfupi, amepiga magoti anapaka chokaa kwa brashi iliyong'oka nusu ya manyoya. Leontine akapiga magoti kando yake. Wakapaka pamoja mpaka upande mmoja ukaisha.

"Mimi nilikuwa mwenyekiti wa jopo," Leontine akasema.

"Nakukumbuka."

"Mama, nina jambo, na sijui nikwambieje. Roselyn yuko kwangu."

Bi Anaise hakushtuka. Brashi ilisimama tu. "Kwangu hajaja hata mara moja," akasema. "Nimeacha mlango wazi tangu mwezi wa saba." Akafuta chokaa kidoleni. "Anafanya nini huko kwako?"

Leontine akamwambia ukweli. "Analalamika, mama. Mchana kutwa."

Kikongwe akachovya brashi ndani ya ndoo, akaikung'uta, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Vizuri," akasema. "Mwambie mama yake amesema asinyamaze."